Toa Ipi?

Jumatatu, 9 Juni

Bosi katangaza leo. Kiti cha kiongozi wa timu yetu ya waandishi wa programu kiko wazi, na atamteua mtu baada ya maonyesho ya Alhamisi kwenye ofisi ya vifurushi, wateja wetu wakubwa. Kila mmoja aonyeshe alichonacho. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Timu yenyewe ni watu wawili: mimi na Mama Kama.

Mama Kama si jina lake. Nimempa mimi, moyoni tu, mbele yake namwita dada. Kodi yake yote, yaani maagizo anayoiandikia kompyuta, ni kama, kama, kama. Kama karani ameandika pokea, pokea mzigo. Kama ameandika tafuta, utafute. Kama ameandika toa, mwenyewe apewe mzigo wake. Unashuka na ukurasa mpaka kidole kinakufa ganzi, bado kama! Inafanya kazi, sikatai. Hata punda anafanya kazi.

Mimi si mtu wa kujisifu. Lakini kuna vichwa, halafu kuna vichwa.

Nina jambo. Java, lugha tunayoandikia programu zetu, ina kitu kinaitwa rifleksheni. Yaani programu inajitazama kwenye kioo. Inajiuliza, ndani yangu mna methodi gani? (Methodi ni kipande cha kodi chenye jina lake na kazi yake. Naandika hivi kwa sababu siku moja shajara hii itasomwa na wajukuu.) Inaziona zote, inazikusanya, inazipanga kwenye ramani: upande huu jina, upande huu methodi yenyewe. Karani akiandika neno, programu inachungulia ramani, inakuta methodi yenye jina hilo, inaiita. Basi! Hakuna kama hata moja. Kurasa zote za Mama Kama zinageuka mistari michache ya kwangu, na mistari hiyo itakaa kwenye kiti cha kiongozi.

Nimemweleza mke wangu jioni. Alikuwa anakunja nguo. Akauliza, hiyo programu ikijitazama kwenye kioo, inajua inachokiona, au inaona sura tu? Nikamwambia ndiyo maana yeye si mhandisi. Nguo zilizobaki nimezikunja mwenyewe.

Jumanne, 10 Juni

Nimeandika kodi siku nzima, chai imepoa mezani mara mbili. Inakuja vizuri. Programu inapita klasi (vyumba ambamo methodi hukaa) moja baada ya nyingine, inaziomba methodi zao kwa getDeclaredMethods, inazitia kwenye ramani. Nilikwama mahali pamoja tu. Methodi nyingine ni za praiveti. Aliyeziandika kazifungia ndani ya klasi yake, wa nje asiziite. Lakini Java yenyewe imetuachia ufunguo wa akiba. Unaandika setAccessible(true) na mlango unafunguka. Nimefungua yote. Mimi sipendi ubaguzi.

Nimekaa nikafikiri kidogo kuhusu neno hili, praiveti. Hata mimi nina jina la praiveti. Ofisini najulikana kwa jina langu kamili na cheo. Nyumbani mke wangu ananiita Kifaranga. Lilianza zamani, sitaki kueleza. Ndani ya nyumba halina ubaya, hata nalipenda. Lakini mtu akiliita barabarani naweza kuzimia.

Sasa limeingia sikioni mwa mama mkwe. Yuko kwetu tangu juzi, amekuja kwa harusi ya shemeji yangu, mtoto wake wa mwisho, Jumamosi hii. Amekuja bila meno. Ya juu, ya bandia, yalipasuka, akayapeleka kwa fundi wa meno wa mji mwingine, na fundi ameyatuma kwa kifurushi. Yanakuja kwenye ofisi ile ile ya vifurushi! Mpaka yafike, mama wa watu anaongea kaziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Anakula mkate uliolowekwa. Jana alicheka kwa bahati mbaya, akageukia ukuta.

Leo kasema wazi, mbele yetu wote, kwamba meno yasipofika haendi harusini. Atabaki ndani, aseme ana homa. Shemeji kanipigia simu analia. Mama yake mzazi, harusi ya kitinda mimba, akae ndani kama mtu aliyekosa! Nimemwambia aondoe shaka, mimi ndiye mwenye ile ofisi. Sikusema uongo mkubwa. Programu yao tumeitengeneza sisi.

Jambo la ajabu. Bila meno ya juu mama mkwe hawezi kutamka f. Ananiita Kiharanga. Jioni kaita, Kiharanga! Nikafunua gazeti. Kaita tena. Nikajitia hamnazo, nikaendelea na gazeti. Kwenye Java ni vile vile, ukikosea herufi moja tu unaambiwa hakuna kitu chenye jina hilo, na programu ina haki yake. Mama mkwe kainuka polepole, kaenda kujichotea maji mwenyewe. Gazeti likawa halisomeki. Nilipaswa kuitika.

Jumatano, 11 Juni

Wazo limenijia wakati nanyoa ndevu, mbele ya kioo kwelikweli. Kwa nini nionyeshe programu yangu kwa kifurushi cha uongo? Nitatumia cha mama mkwe! Kimefika asubuhi hii, ujumbe umeingia kwenye simu yake. Kesho mbele ya Bosi na wenye ofisi nitaandika namba yake, nitaandika toa, karani atanikabidhi boksi, watu watapiga makofi, nami nitarudi nyumbani na cheo mkono wa kulia, meno mkono wa kushoto. Bosi aone, mama mkwe aone, mke wangu akunje nguo zake kwa adabu.

Nimejaribu programu kwenye kompyuta yangu tangu asubuhi. Pokea, imekubali. Tafuta, imekubali. Toa, imekubali, kioo kikaandika TAYARI kwa rangi ya kijani. Rangi ya kijani nimeichagua mwenyewe. Nyekundu sijaweka kabisa, inawatia watu hofu.

Kuhusu makosa. Ukiita methodi kwa njia hii, nayo ikipata ajali huko ndani, Java haikuambii ajali yenyewe. Inakuletea kosa lililofungwa ndani ya kosa jingine, InvocationTargetException. Maana yake, uliyemwita ana shida, mfungue mwenyewe uone. Ni mke wangu mtupu. Nikimuuliza ana nini, anasema hana kitu, na ndani ya hicho hana kitu kuna mambo ya mwezi mzima. Mimi sifungui. Nimeiagiza programu ikikutana na kosa ilimeze, iendelee na safari. Nyumbani pia ndivyo ninavyofanya.

Mama Kama kapita nyuma ya kiti changu saa ya chakula. Nikaifunika kompyuta kwa kifua. Kauliza kwa upole nimefikia wapi, na kama nataka jicho la pili kabla ya kesho. Jicho la pili! Ujanja gani huu wa kizamani? Nikamshukuru sana, nikamwambia yamebaki mapambo tu. Kauliza tena, zile praiveti nimeziacha nje ya ramani? Nikamjibu kwamba kuziacha nje kungehitaji kuandika kama, na mimi nimeapa. Alicheka, akaenda zake na kikombe chake. Kicheko cha mtu anayeona kiti kinamponyoka.

Nimemwalika Bosi harusini Jumamosi. Kiongozi mpya wa timu hawezi kukosa kukaa na bosi wake meza moja. Kakubali!

Alhamisi, 12 Juni

Sitaki kuandika.

Haya, naandika.

Ofisi ya vifurushi imejaa. Bosi kavaa tai. Wenye ofisi wamekaa kwenye benchi la wateja, Mama Kama kasimama karibu na mlango. Mimi nimevaa shati la harusi mapema. Karani wa dirishani, kijana mnyoofu, anafuata taratibu mpaka unamuonea huruma. Nilikuwa nimemwomba alitoe boksi rafuni, kwa hiyo liko pale mezani kwake, nyuma ya kioo cha dirisha. Dogo, kama kipande cha sabuni. Jina la mama mkwe juu yake kwa kalamu nyeusi. Nilimsalimu kimoyomoyo.

Nikatoa hotuba fupi. Nikasema zama za kama zimekwisha. Nikamtazama nani? Sikumtazama mtu. Nikakaa kwenye kompyuta yao, ambako nilishaiweka programu yangu, nikaandika namba, nikaandika toa, nikabonyeza.

TAYARI. Kijani!

Makofi. Bosi kanipiga begani. Nikanyoosha mkono dirishani. Karani akasema subiri kidogo, achape risiti nitie sahihi. Akabonyeza. Akatazama. Akabonyeza tena. Akasema samahani sana, mzigo huu haupo.

Nikacheka. Nikamwonyesha kwa kidole, ule pale, karibu na kiwiko chako! Akasema anauona. Ila kwenye mfumo haupo, haujawahi kuwepo, na taratibu yao ni kwamba usiokuwepo kwenye mfumo hautolewi. Nikasema lina jina la mama mkwe wangu. Akasema jina analiona pia. Akaomba radhi, akalichukua boksi kwa mikono miwili, akalitia kwenye kizimba cha mizigo isiyojulikana. Mizigo ya humo hupanda lori kila Ijumaa kurudi ilikotoka. Mimi na meno tumetenganishwa na kioo na waya. Ningekuwa na mkono mwembamba ningeyafikia.

Nikasema ni mtandao. Wenye ofisi wakatazamana. Bosi akalegeza tai, akasema uteuzi utasubiri Jumatatu. Mama Kama alikuja karibu akaniuliza kwa sauti ya chini, ndani ya ramani yako, toa ziko ngapi? Nikamwambia moja, dada, jina moja methodi moja, hilo ndilo jambo zuri la ramani. Alionekana anataka kusema jingine, nikakimbilia msalani.

Nyumbani mama mkwe alikuwa amekaa sebuleni, kavaa vizuri, ananisubiri. Kainua macho tu, hakuuliza. Nikasema kesho. Akaitikia kwa kichwa, mtandio mdomoni. Mke wangu akaniuliza nina nini. Nikasema sina kitu.

Nimelala na njaa. Sikustahili kula mbele ya mtu anayekula mkate wa kuloweka kwa sababu yangu.

Ijumaa, 13 Juni

Niliamka na suluhisho. Kama programu imeutoa mzigo kwenye mfumo, si niurudishe tu? Na kwenye ramani yangu mna neno lenyewe, limekaa pale linang'aa: rudisha! Ajabu mtu anavyoweza kupaniki bure.

Nikafika ofisi ya vifurushi mapema. Nikamwomba karani kompyuta kwa dakika moja. Namba. Rudisha. TAYARI, kijani. Mashine pembeni ikakohoa, ikatoa lebo. Nikatabasamu. Karani akaisoma, akaenda nayo kizimbani, akaibandika kwenye boksi. Mpakiaji akaja akalichukua, akatoka nalo nje. Nikamuuliza karani analipeleka wapi, dirisha si liko huku? Karani akanisomea lebo. URUDISHWE KWA MTUMAJI. Akasema mizigo yenye lebo hii haiwezi kusubiri lori la jioni, inapanda la asubuhi.

Yarabi! Rudisha ni rudisha, sawa, lakini kuna kurudisha kitu mahali pake na kuna kumrudishia aliyekileta. Kwa kawaida programu ingeuliza kwanza kama mzigo huo upo kwenye mfumo. Nani alikuwa anauliza? Zile kama. Nani amezitoa zile kama? Haina haja ya kutaja majina.

Hapo ndipo nilipompigia simu Mama Kama. Naandika hili kwa uchungu. Nilimwambia kuna hitilafu ndogo ya mtandao, na meno ya mama mkwe yako kwenye lori. Hakuuliza mtandao gani. Kaja mbio, kiatu kimoja hakijafungwa kamba.

Kaifungua kodi yangu. Kaisoma kimya, midomo inacheza. Kisha akanionyesha. Kuna klasi inaitwa Dirisha, aliyoiandika yeye, yenye methodi inaitwa toa, ya kumpa mtu mzigo wake. Kuna klasi nyingine inaitwa Ghala, yeye pia, na ndani kabisa, kwenye praiveti, mna toa nyingine. Hiyo kazi yake ni kuutoa mzigo kwenye kumbukumbu. Kuufuta! Haiitwi na mtu ila na Ghala lenyewe, baada ya kama zake zote kuridhika kwamba mzigo umeshachukuliwa na hauna mwenye kuudai. Ramani haina adabu. Ukileta jina lile lile mara ya pili, wa kwanza anafukuzwa bila kuagwa. Kwenye kompyuta yangu Dirisha lilisomwa mwisho, likabaki. Kwenye kompyuta yao Ghala lilisomwa mwisho. Basi nikaita toa, na toa ikaitika. Ila si ile.

Nikamuuliza, nikiwa na hasira ya haki, ni mtu gani anakipa kitu cha hatari jina jepesi namna hiyo? Akasema lilikuwa jina la ndani. Ndani ya nyumba yako unaweza kuita kitu unavyotaka, wote waliomo wanaelewa. Hakutegemea mtu atapitia dirishani.

Nikafikiria Kifaranga.

Alikuwa na nakala ya mfumo ya jana asubuhi. Huwa anaweka kila siku, kama mtu anayefunga mlango kabla ya kulala, bila kutangaza. Kautoa mzigo wa mama mkwe humo (kutoa kwa maana ya tatu, naomba lugha hii itulie!) na kaurudisha kwenye mfumo. Karani akachungulia kioo chake, akasema loo, sasa upo.

Lori lilikuwa linawasha injini. Nimekimbia. Sijakimbia hivyo tangu shule. Nimempungia dereva mkono, nimepanda nyuma na shati la harusi, nimefukua magunia, maboksi, tairi, kitanda cha mtoto. Mama Kama chini ananisomea namba kwa sauti. Boksi lilikuwa limeteleza chini kabisa, kona imebonyea. Nikalitikisa. Likalia kwa ndani, kuchu kuchu. Nikakaa juu ya tairi, nikalishika kifuani, na machozi yakanitoka. Vumbi lilikuwa jingi pia.

Karani alinipa risiti, nikatia sahihi. Aliniuliza kama nimeridhika na huduma.

Nyumbani nimelikabidhi boksi kwa mikono miwili. Nikaeleza jinsi nilivyosimamisha lori peke yangu. Mama mkwe kaingia chumbani, kafunga mlango. Tumesubiri, mimi na mke wangu, hatuangaliani. Ametoka bila mtandio mdomoni. Katabasamu moja kwa moja, bila kugeukia ukuta. Sikujua ana vishimo mashavuni. Mke wangu kalia, mimi nikaenda kuangalia bomba jikoni.

Jumamosi, 14 Juni

Harusi. Shemeji kapendeza. Mama mkwe kakaa mbele, kila picha kacheka, hata ambazo hazikuwa zake. Alipoitwa kusema maneno machache akasema mengi, na f zake zote zimekamilika: furaha, familia, fahari. Nilizihesabia moyoni kama zangu. Kwa kiasi fulani ni zangu.

Bosi kaja kweli. Mama Kama pia alikuwepo. Mama mkwe alimwalika mwenyewe, aliposikia, sijui kutoka kwa nani, kwamba palikuwa na mtu kando ya lori anasoma namba. Niliwakalisha mbali kidogo. Mimi na Bosi meza moja, nikaanza kumweleza polepole kwamba tukio la Alhamisi lilikuwa jaribio la makusudi la kupima usalama wa mfumo. Alikuwa ameacha kutafuna. Alikuwa anaanza kuamini.

Ghafla mama mkwe kashika kipaza sauti tena. Akasema kuna mtu mmoja anataka kumshukuru mbele ya watu, aliyemletea meno yake, mkwe mwenye moyo. Asimame wamwone. Na akaita, sauti imenyooka, herufi haikukosekana hata moja:

Kifaranga!

Ukumbi mzima. Kipaza sauti. Kifaranga, Kifaranga, ikagonga ukuta ikarudi.

Ningeweza kujitia hamnazo. Hakuna aliyejua. Nimetazama meza ya mbele, nimemwona anatafuta kwa macho, mkono juu ya paji la uso, tabasamu linaanza kuwa na wasiwasi. Nikakumbuka yale maji.

Nikasimama. Nikasema, naam, mama! Sauti ilinitoka kubwa.

Makofi. Bosi kacheka mpaka tai ikaingia kwenye mchuzi. Mama Kama alikuwa anapiga makofi taratibu, ananiangalia, na kusema kweli hakuwa ananicheka. Sijui ni kwa nini jambo hilo limenisumbua zaidi.

Jumatatu, 16 Juni

Mama Kama ndiye kiongozi wa timu.

Bosi kasema mbele yangu kwamba ni kwa ajili ya utulivu wake. Akanitakia kazi njema, Kifaranga. Limeingia ofisini! Mlinzi wa getini kaniita hivyo. Mtu wa chai pia. Nimeitika wote, ningefanyaje.

Kiongozi kaniita tukakaa. Nilitegemea kisago. Hakugomba. Amesema ile ramani si wazo baya, waandishi wa programu kubwa huifanya, ila jina peke yake halitoshi. Lazima ujue ni la nani, la nyumba ipi, na mlango wa praiveti uuache ulivyo. Amesema kumwita mtu ni kazi rahisi, kazi ni kujua nani ataitika. Nimetikisa kichwa kwa hekima. Kiongozi mpya lazima apewe nafasi ya kusema.

Naye kakubali kosa lake, hilo nimelipenda. Ile toa yake ya praiveti ameibadilisha jina. Sasa inaitwa futa, ili hata kipofu ajue inafanya nini. Na kama zake zote zimerudi mahali pake. Ramani yangu imezimwa mpaka niirekebishe. Nimemwambia nimejifunza mengi. Nadhani hata machozi yalinilenga.

Jioni nimekunja nguo na mke wangu. Nikamwambia alichouliza siku ile, kuhusu programu inayoona sura tu, halikuwa swali baya. Kaweka chini shati alilokuwa anakunja. Akasema ana kitu cha kuniambia, cha tangu mwezi uliopita. Nikasikiliza mpaka mwisho, sikumeza hata kimoja. Ilikuwa jioni nzuri.

Jumatano, 18 Juni

Mambo yamenyooka!

Ofisi ya vifurushi inataka amri mpya: funga. Mzigo ukipokelewa, karani anaufunga kwa jina la mwenyewe, mtu mwingine asiweze kuuchukua. Mama Kama kanipa kazi hiyo mimi. Kasema niiandike kawaida, kwa kama moja tu. Moja! Kama mtoto wa darasa la kwanza. Nimesema sawa, dada.

Lakini nimefikiri. Shida ya ramani ile ilikuwa nini hasa? Majina. Majina marefu, yenye maana nyingi, yanagongana. Na karani analalamika kuandika neno zima kila mara kunamchosha. Sasa, mtu mwenye kichwa akiyaweka mambo haya mawili pamoja anapata nini? Herufi moja! Ramani inashika herufi ya kwanza tu ya kila methodi. P ni pokea. F ni funga. Herufi haina maana mbili, herufi ni herufi. Milango ya praiveti, hata ule wa futa kule Ghala, nimeiacha wazi kwa sasa, kwa sababu kuifunga kunahitaji kuandika kama, na kiongozi kaniruhusu moja tu. Naitunza.

Nimejaribu kwenye kompyuta yangu. F, mzigo ukafungwa. TAYARI, kijani. Sijamwambia Mama Kama, nataka afurahi kwa ghafla. Nimekwisha kuiweka kwenye kompyuta ya ofisi ya vifurushi, ianze kazi kesho.

Mama mkwe kanipigia simu kutoka kwake. Fundi wa meno amemshauri awe na seti ya pili, ya akiba, na amemtengenezea moja ya dhahabu upande mmoja, ghali kweli. Kaipitisha kwenye ofisi yangu kwa heshima yangu. Inafika kesho asubuhi. Nimemwambia alale usingizi, karani ataifunga kwa jina lake mara tu ikipokelewa, kwa herufi moja tu. Akasema, ahsante, Kifaranga. Nikaitika.